Puli Iliyolilia Jina

Jumatatu ya pili ya mwezi wa tano, mwaka 1996, Oliva alikuwa amekaa ndani ya duka la spea la Mzee Nassib, pale Kibaoni, Ifakara, akikata boksi la sabuni ili apate kadi. Kila kadi ilikuwa na upana wa kiganja. Aliitoboa pembeni kwa msumari, akapitisha uzi wa katani, akaiweka kwenye rundo la kusubiri wino. Kazi yake ilikuwa hiyo: kuandika kadi zinazoning'inizwa kwenye bidhaa ili mteja ajue anachokitazama. Mzee Nassib alimwajiri kwa ajili ya mwandiko wake. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenye mashamba ya miwa baada ya miaka ishirini na miwili, na alipoandika, aliandika kama mtu anayekata miwa.

Asubuhi hiyo basi la Morogoro lilikuwa limeshusha gunia. Ndani yake, katika magazeti ya zamani, mlikuwa na puli kumi na mbili. Puli ni lile gurudumu linalofungwa ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga, ambalo mkanda wa injini hupita juu yake. Bonde zima la Kilombero lilikuwa likikoboa kwa mashine za Brandeli zilizoletwa zamani kutoka Ulaya, na puli zake za asili, za chuma kizito, zilikuwa zimeanza kuchakaa zote kwa pamoja, kama meno ya watu wa rika moja. Hizi za kwenye gunia zilikuwa nyepesi na nyeupe. Katikati yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na Oliva aliisoma.

"Mzee Nassib, salaam. Puli ndizo hizo. Zinaingia kwenye Brandeli bila kusugua. Ila ni sufuria na pistoni kuukuu nilizoyeyusha, siyo chuma. Waambie waendeshe polepole, zitawafikisha msimu mzima. Wakifungua mwendo wote zitapasuka. Ni mimi Alfonsi, fundi, Msamvu."

Oliva akaitia karatasi mfukoni, akachukua kadi ya kwanza na kuandika: Puli. Inaingia kwenye Brandeli. Siyo ya Brandeli. Iendeshwe polepole.

Mzee Nassib aliisoma akiwa ameinamisha kichwa upande.

"Binti, hii ni kadi au ni mahubiri?"

"Ndivyo alivyosema fundi, mzee."

"Fundi anajua kuyeyusha. Kuuza najua mimi."

Hakuwa mtu mkali, na wala hakujiona mwongo. Alikuwa na elimu yake ya kadi, aliyoipata kwa kusimama nyuma ya kaunta na kutazama macho ya watu. Mteja, alisema, hasomi. Mteja anatafuta neno lake. Mmoja amesikia kwamba vitu vizuri ni vya Japani, mwingine baba yake alimwambia Ujerumani, wa tatu anataka tu kitu kisichokatika. Kwa hiyo weka maneno yote, kila mtu akifika alikute lake. Akaanza kutamka, na Oliva akaandika kwa herufi kubwa: PULI YA BRANDELI ORIJINO MPYA JAPANI UJERUMANI HAIPASUKI MASHINE ZOTE.

"Mzee, Japani na Ujerumani si nchi mbili?"

"Ndiyo. Mteja achague."

Juu ya mlango wa duka, kwa rangi nyekundu, palikuwa pameandikwa CHEMA CHAJIUZA. Nusu ya pili ya methali haikuenea.

Oliva aliandika kadi kumi na mbili na kuzifunga moja moja. Alipokaza uzi wa ile ya mwisho, puli zilianza kulia. Zililia kwa sauti ya mtoto wa siku tatu, ile sauti kavu isiyo na machozi bado. Mteja aliyekuwa akichagua misumari aliinua kichwa, akasubiri zitulie, na zilipokataa akaendelea kuchagua. Duka lilikuwa na vilio vingine vidogo, sasa Oliva alivisikia: pedali za baiskeli zilizoandikwa IMARA zilikuwa zikinung'unika, na kopo la grisi lililoandikwa KILO MOJA lilikuwa na kwikwi. Ila puli ndizo zilizolia hasa.

Bibi Rosa, aliyekuwa akikaanga maandazi barazani, alizima moto, akafuta mikono kwa kanga na kuingia.

"Nani ana mtoto humu?"

"Ni puli, bibi. Shikamoo."

"Marahaba." Akaziendea, akaweka mgongo wa mkono juu ya ya kwanza, kisha ya pili. "Homa hazina. Zinalilia majina."

Jambo hilo halikuhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote pale. Mtoto anayelia mchana kutwa bila homa wala njaa, tumbo lake ni laini na ziwa analikataa, huyo amepewa jina lisilo lake. Padre amembatiza, ni sawa, lakini jina la padre hukaa juu. La chini ndilo linalomuuma. Basi wanawake wazima hukaa, mmoja akampakata, wakaanza kumtajia majina ya ukoo moja baada ya jingine, la babu aliyekufa kwa mamba, la shangazi aliyeolewa Mahenge, mpaka wafike kwenye lake. Likitajwa, mtoto hunyamaza hapo hapo na kunyonya. Bibi Rosa alikuwa amekwisha kunyamazisha watoto tisa kwa njia hiyo, na mmoja wao siku hizi ni katekista.

Akaita wanawake wengine watatu kutoka genge la mboga. Wakakaa juu ya magunia. Bibi Rosa akapakata puli moja ndani ya kanga, ubavu wake ukiwa kifuani, na wakaanza.

"Brandeli."

Puli ikapaza sauti.

"Japani."

Ikazidi.

"Ujerumani. Uingereza. Uchina. Wahindi."

Walitaja kila nchi waliyowahi kuona imeandikwa nyuma ya sahani au chini ya saa. Walitaja viwanda, walitaja na wafua vyuma wa zamani waliofia ng'ambo ya mto. Mzee Nassib aliegemea kaunta na kusema huenda ni kutu tu. Oliva alikuwa na ile karatasi mfukoni mwa gauni lake. Alimfungia mteja misumari, akamrudishia chenji, akafagia vipande vya boksi ambavyo vingeweza kusubiri. Aliogopa, na aliyemwogopa alikuwa pale pale amesimama. Halafu sauti ya kilio ikamshinda.

"Alfonsi wa Msamvu," alisema.

Puli ikanyamaza.

Bibi Rosa akaifunua, akaitazama, akaifunika tena kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Kumbe mlimjua baba yake," alisema, na akarudi kwenye maandazi yake.

Siku hiyo Mzee Nassib hakubisha, maana zilizobaki kumi na moja zilikuwa zikiendelea, na asingeweza kusikia wateja. Oliva akaandika kadi upya: Puli ya Alfonsi wa Msamvu. Inaingia kwenye Brandeli. Iendeshwe polepole. Kila alipofunga moja, sauti moja ilipungua. Ilipofika saa tisa duka lilikuwa limetulia, na yeye alijisikia mwepesi, kama mtu aliyeungama.

Kwa siku nane hakuna aliyenunua hata moja. Wateja walifika kutoka Mlimba na Mang'ula, kwa kuwa mavuno yalikuwa yameanza na mashine zilikuwa zikiharibika, wakasoma kadi na kucheka. Mmoja akauliza Alfonsi ni kampuni gani. Mwingine alisema anamjua Alfonsi mmoja, mlevi, na kama ndiye huyo basi hapana. Neno polepole liliwaudhi zaidi. Mtu hakusafiri na vumbi lote lile ili anunue kitu kinachoomba kuhurumiwa. Walirudi kwao mikono mitupu, wakafunga puli zao zilizopasuka kwa waya.

Siku ya tisa Mzee Nassib akasema, bila hasira, "Binti, rudisha zile za kwanza."

Oliva akakata boksi jingine. Alimtazama mzee, akatazama mlango. Kibaoni kote kulikuwa na wasichana waliomaliza shule wenye mwandiko mzuri, na kazi ya kuandika ilikuwa moja. Aliandika kumi. Mbili alizibakiza na kadi zao za kweli, akaziingiza chini ya meza nyuma ya makopo ya rangi, na mzee hakuhesabu.

Zile kumi zikalia. Kabla ya adhuhuri aliingia Venance, mwenye mashine mbili kule Mang'ula, mtu wa maswali mengi na kofia ya chama.

"Mbona zinalia hizi?"

Mzee Nassib alikunywa chai funda moja. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

"Zimetoka mbali, bwana mkubwa. Orijino hulilia kwao. Feki haina kwao, italilia nini?"

Venance aliliona hilo ni jambo la maana. Alisogeza sikio, akasikiliza moja moja, na akachukua mbili zilizolia kwa nguvu. Nje, Bibi Rosa alikuwa amesikia yote. "Mtoto ukimbebesha jina la mkubwa atalia mpaka aote ndevu," alisema, akageuza andazi.

Habari ilisambaa bondeni kwa haraka ambayo barua haiwezi. Katika wiki mbili hakuna aliyeuliza tena maneno ya kwenye kadi. Watu waliingia, wakasalimia, wakasema, "Nipe inayolia." Gunia la pili likaja kutoka Msamvu, halafu la tatu, kila moja na karatasi yake iliyokunjwa mara nne, na maneno yale yale, ila mara hii Alfonsi alikuwa amepigia mstari neno polepole. Jirani yao mwenye duka la mkabala alikuwa na puli tatu za Brandeli za kweli, za chuma, zilizobaki tangu enzi za ushirika. Hakuuza hata moja. Zilikuwa kimya kabisa, na kila aliyeziona alimwonea huruma mwenyewe kwa jinsi alivyodanganywa.

Jumamosi moja akafika Egidius, mdogo wake Oliva. Egidius alikuwa kijijini Mkula, kwenye mashine ya kukoboa waliyoachiwa na baba yao, yeye na mkewe Getrude wakiiendesha. Alikuwa kijana wa maneno machache, na mikono yake ilikuwa mizuri, myembamba, iliyojua kufungua kila kitu. Oliva alikuwa amemlea mgongoni. Ndiye aliyeandika barua zote baba yao alizotuma kuombea ile mashine, na siku ilipofika, Egidius akiwa na miaka tisa, alilala pembeni yake kama mbwa ili isiibwe.

"Puli imepata ufa, dada," alisema. "Nataka inayolia."

Oliva akampeleka nyuma ya duka, akatoa moja ya zile mbili za chini ya meza. Egidius aliisoma kadi midomo ikicheza.

"Hii mbona kimya?"

"Kwa sababu nimeiandika ilivyo. Zote ni za mtu mmoja, Egidi. Hii na zile zinazolia, sufuria moja, moto mmoja. Ukiiendesha polepole itakufikisha mpaka mwezi wa nane. Ukifungua mwendo wote itapasuka, na wewe ndiye unayesimama karibu."

Egidius aliigeuza mikononi. "Na hao wengine unaowauzia?"

"Hao nawaandikia anachosema mzee. Wewe nakuambia ninachojua."

Egidius akaifunga ndani ya shati lake la akiba na kurudi Mkula kwa basi la mchana. Jioni hiyo Oliva alikuwa na furaha. Aliwapita watu barabarani akiwasalimia wote, akala wali na perege, akalala vizuri. Baadaye, alipokumbuka, kitu alichokionea haya kuliko vyote kilikuwa usingizi ule.

Egidius aliiendesha polepole, kama alivyoambiwa. Puli ilikaa imara, ikazunguka bila neno. Lakini kazi ya magunia matatu ilichukua muda wa magunia sita, na wanawake walioleta mpunga walikaa kwenye foleni mpaka watoto wakalala juu ya pumba. Kule Kisawasawa, kijiji cha jirani, palikuwa na mashine yenye puli inayolia. Ukipita barabarani unaisikia kabla ya kuiona. Watu wakaanza kusema mchele wa kule unatoka mweupe zaidi, na wa Egidius una chenga. Mchele ulikuwa mmoja. Hata hivyo, Getrude alisimama mlangoni akawahesabu waliopita na baiskeli zao zimebeba magunia, majirani, ndugu wa kanisani, wakimwambia "Tumsifu Yesu Kristo" bila kupunguza mwendo. Siku moja alipita hata mama yake mzazi. Jioni hiyo hakumwambia mumewe kitu, ila hakupika.

Jumapili iliyofuata Egidius alikuja Kibaoni tena. Oliva alikuwa misani. Mzee Nassib, ambaye Jumapili kwake ni siku kama siku nyingine, alimpokea vizuri, akamwagizia chai, akamuuliza hali ya mashine na ya shemeji. Kisha akapitisha sikio kwenye rafu nzima na kumchagulia inayolia kuliko zote, kwa heshima ya dada yake.

Egidius alishika kadi. Aliujua ule mwandiko. Ndio mwandiko aliojifunzia kusoma. HAIPASUKI, ulisema.

"Hii imeingia lini?"

"Jana. Dada yako mwenyewe ameiandika."

Egidius akafikiri. Dada alikuwa amemwambia kuhusu puli za wakati ule. Kuhusu hii hakuwa amemwambia lolote, na hii aliiandika jana, akiwa na akili zake timamu, kwa mkono wake. Mtu akitaka kuamini jambo hakosi ngazi ya kupandia. Akaichukua, na ndani ya basi abiria walimpisha kiti kwa sababu ya kile kilio.

Jumatatu mashine ya Mkula ililia, na kufika saa nne foleni ilikuwa imefika barabarani. Getrude alipika. Jumanne asubuhi alikuwapo Sikitu, mkulima wa jirani, na gunia lake la kwanza lilikuwa limekwisha mwagwa kwenye mdomo wa mashine. Wanawake walimwambia Egidius aharakishe, jua linapanda. Akafungua mwendo wote. Sikitu alisema baadaye kwamba puli ilipozidi kuzunguka ililia kama mtoto anayekimbia kumfuata mtu anayeondoka, halafu ikapasuka. Vipande vilitoboa bati. Kimoja kilimkuta Egidius, begani, mkono wa kulia.

Walimleta Ifakara juu ya pikapu iliyobeba mkaa. Hospitalini walimshona, wakaokoa uhai, na mkono wakauacha ulipofika: unashika, haunyanyuki. Kipande kimoja, ukubwa wa punje ya hindi, kilikuwa kimejificha karibu na mfupa mahali ambapo kisu hakifiki. Daktari aliandika kwenye faili: Kipande kimebaki. Kinalia. Akamwandikia na vidonge vya maumivu.

Oliva alikaa kando ya kitanda kuanzia saa kumi, muda wa kuona wagonjwa. Bega lilikuwa likilia chini ya bandeji, sauti ndogo, ya kuchoka. Wagonjwa wa jirani walikuwa wamekwisha kulizoea na walikuwa wakicheza bao. Akainama mpaka midomo ikagusa bandeji.

"Alfonsi wa Msamvu," alisema.

Likanyamaza. Egidius akafumba macho na kulala kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Lakini kesho yake lilianza tena, na kesho kutwa, na kila siku ilibidi aje aliseme jina, maana kadi iliyofungwa kwenye puli ile ilikuwa ya uongo, na kadi hiyo ilikuwa imebaki Mkula, ukutani, mahali ambapo Egidius alikuwa ameipigilia ili watu waisome.

Mzee Nassib alisikitika kweli. Alifunga duka nusu siku, akaleta sukari na machungwa, akakaa kwenye benchi la wodi na kofia yake magotini.

"Alifungua mwendo wote?"

"Ndiyo, mzee."

"Angeniuliza ningemwambia."

"Alisoma kadi."

Mzee Nassib alitikisa kichwa taratibu. "Kadi ni ya kuuzia, binti. Kadi siyo daktari."

Oliva alimwambia basi waongeze yale maneno ya fundi, hata kwa herufi ndogo. Mzee alifikiri, akakubali. Alikuwa mtu wa kukubali. Andika nyuma, alisema, nyuma kuna nafasi. Oliva akaandika nyuma ya kila kadi, kwa usahihi, jina la Alfonsi na onyo lake. Puli ziliendelea kulia, kwa sababu jina la mbele ndilo zililoitwa nalo. Na tangu hapo, mteja alipolipa, Mzee Nassib alikata uzi kwa mkasi na kuirudisha kadi sandukuni, ikafungwe kwenye nyingine. Boksi la sabuni haliokotwi barabarani.

Alfonsi alipelekewa habari kwa dereva wa basi. Alijibu kwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisema amesikitika, aliwaandikia tangu mwanzo, na je, waliwaambia wateja? Chini aliuliza kama wanahitaji gunia jingine.

Baada ya wiki tatu Egidius aliruhusiwa kurudi Mkula. Oliva aliomba ruhusa ya siku mbili akampeleka. Alikuta ua umejaa. Watu wa Mkula walikuwa wameleta kuku, mihogo, na pole zao, na kila aliyempa pole aliomba ruhusa, akainama na kusikiliza bega. Wakubwa walimsogeza mgonjwa kwenye mwanga ili wasikie vizuri. Sikitu alikuwapo. Alikuwapo pia Wiliam, mtu wa makamo aliyekuwa akijenga banda la mashine mpya upande wa Kisawasawa na ambaye alikuwa amekuja na baiskeli kwa ajili ya jambo hilo tu.

Kabla hawajaketi, Egidius alimvuta dada yake pembeni kwa mkono ule unaonyanyuka.

"Dada, usiliite leo."

"Linakuuma, Egidi. Naona usoni mwako."

"Liache. Likinyamaza mbele yao watajua ni sufuria. Watasema Egidius alifunga sufuria, na hakuna atakayeleta mpunga tena. Getrude ndiye ataendesha sasa. Liache lilie."

Oliva akaenda kukaa kwenye mkeka, miguu ameikunja, mikono mapajani, na lile jina mdomoni.

Wiliam aliinama kuliko wote. Alikaa na sikio begani muda mrefu, amefumba macho, na alipoinuka alikuwa ameridhika.

"Hii ilikuwa orijino," alisema.

"Si nilisema?" alisema Sikitu. "Feki isingelia mpaka leo."

"Sasa ilipasukaje?"

"Bahati mbaya," alisema Egidius. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Nilikuwa sijakaza bolti."

Wote wakakubali kwamba bolti ni kitu kibaya. Mzee mmoja alitoa mfano wa trekta. Wiliam akauliza ilinunuliwa wapi, na Egidius akasema Kibaoni, kwa Mzee Nassib, na kwa mkono wake mzima akamwonyesha Oliva. "Dada yangu huyu ndiye anayeziandika."

Watu wakageuka kumtazama kwa heshima. Wengine walikuwa wameiona kadi ukutani, na Sikitu alisema ana mwandiko kama wa kitabu.

"Basi, dada," alisema Wiliam, "nitakuja Jumatatu. Niwekee moja. Ila iwe inalia kama hii."

Oliva alimtazama. Alikuwa mtu mpole, mwenye kola iliyotiwa viraka kwa uzi wa rangi nyingine, na mikono miwili. Ilikuwa ni kutamka maneno matatu tu. Bega lingenyamaza mbele ya ua mzima, na kila mtu angejua kila kitu, kwa mpangilio wake. Egidius alikuwa akimtazama pia. Hakutikisa kichwa, alimtazama tu, kama alivyokuwa akimtazama akiwa mgongoni.

"Ukiipata," Oliva alisema, "uiendeshe polepole."

Wiliam akacheka, cheko safi la mtu aliyetaniwa na mwenyeji wake.

"Orijino, dada? Halafu polepole?"

Wengine nao wakacheka, hata Egidius. Getrude akaleta togwa kwenye ndoo na vikombe viwili vya kuzungusha. Walikunywa, wakasifu, wakazungumza bei ya mpunga, wakipaza sauti kidogo kwa sababu ya bega.

Jumatatu Wiliam alifika mapema, wino wa neno HAIPASUKI ukiwa haujakauka kwenye kadi.